Shimo la Mwezi wa Saba si shimo la Noeli



Juzi mdogo wangu, mtoto wa baba mkubwa, alinipigia simu toka Masisi. Amemaliza Mtihani wa Serikali, anangojea matokeo, mikono haina kazi. Tulisalimiana, akauliza habari za mjini, kiisha akaingia kwenye jambo lenyewe: «Yaya, vakansi hii tunashuka. Tuko bane. Hauna ka tochi ka kichwa unitumie?»

Kwa mtu wa fasi ingine, neno «kushuka» halisemi kitu. Kwa sisi wa Masisi na Walikale linasema yote. Kushuka ni kuingia ndani ya ardhi pamoja na marafiki wakati wa vakansi: ndani ya shimo la koltani lililoachwa, ndani ya galeri ya kasiteriti, ao ndani ya pango la lava upande wa Goma. Wengine vakansi yao ni mpira na ziwa. Yetu ina mpira, ina ng'ombe wa kuchunga, na ina shimo.

Sikumjibu hapana. Ningemjibu hapana kwa mdomo gani, wakati mimi mwenyewe nilishuka nikiwa na miaka 16? Nilimwambia: «Ngoja nikuandikie.» Haya mnayosoma ndiyo niliyomwandikia, nimeyapanua kidogo kwa ajili yenu, sababu najua wengi hapa muna wadogo ambao wataomba tochi ile ile.

Sitaongea kama padri wala kama polisi. Nitaongea kama mwanaagronomia. Tulikaa miaka kwenye viti vya chuo tukisoma udongo, maji na hewa, na wengi wetu tunafikiri masomo yale ni ya mahindi na maharagi tu. Hapana. Udongo unaoshika mzizi wa haragi njo ule ule unaoshika paa la shimo. Na jambo kubwa ninalotaka mdogo wangu alielewe ni hili: vakansi kubwa inaangukia kwenye kiangazi, na kiangazi kinatudanganya.

Namna tulivyoshuka

Tulikuwa watatu. Ilikuwa Mwezi wa Saba, mlima umekauka, vumbi mpaka kwenye meno. Shimo lenyewe lilikuwa limeachwa na wachimbaji wakubwa. Kwa kijiji kila mtu alilijua, na kila mvulana aliyefikia umri wetu alikuwa ameingia. Aliyekataa aliitwa muoga mpaka shule inafunguliwa.

Hatukufuata utajiri. Tulikuwa na hesabu yetu ndogo: tukipata mabaki ya mawe, tutauza, tutalipa sehemu ya minervali. Lakini niseme ukweli, hata bila minervali tungeshuka. Kuna utamu wa kuingia fasi ambayo mama hajui uko, na marafiki wawili, na mshumaa mmoja. Tochi hatukuwa nayo.

Tuliingia tukiinama, kiisha tukitambaa. Mahali galeri inateremka, mshumaa ulianza kupungua. Moto ukawa mdogo, ukawa wa rangi ya buluu, ukazimika. Mwenzetu aliwasha tena kiberiti, njiti ikafa palepale. Tulicheka. Tulifikiri kiberiti kimelowa jasho.

Mzee mmoja mchimbaji aliyekuwa anapita nje alitusikia. Aliita kwa sauti ambayo sijaisahau: «Batoto, mutoke! Mutoke sasa hivi!» Tulirudi nyuma kwa magoti. Nje, kichwa kilikuwa kinaniuma kama nimepigwa. Yule mzee hakumaliza shule ya msingi, lakini siku ile alijua kemia kuliko mimi niliyekuwa mwanafunzi wa sekondari.

Kwa hiyo, mbele ya yote, tusidharau wachimbaji. Mengi ninayoandika hapa wazee wa shimo wanayajua kwa macho na kwa ngozi. Sisi wa chuo tunaweza kueleza tu sababu zake.

Udongo uliokauka na udongo ulioshiba

Chukua mchanga wa kando ya Ziwa Kivu. Ukiwa mkavu kabisa, unamwagika kati ya vidole. Ukiwa na unyevu kidogo, mtoto anaweza kujenga nyumba na ikasimama. Ukijaa maji, ile nyumba inakuwa uji. Mchanga haukubadilika. Kilichobadilika ni maji.

Tuliisoma kwenye fizikia ya udongo. Maji yakiwa kidogo, yanakaa kama utando mwembamba kati ya chembe na chembe, na utando ule unazivuta zishikamane. Maji yakijaza nafasi zote, ile nguvu ya kuvuta inakwisha, na yale maji yanaanza kusukuma chembe ziachane. Kwa shamba, hali hiyo inaozesha mizizi. Kwa shimo, inaangusha paa.

Ongeza uzito. Mita moja ya mchemraba ya udongo wa kawaida, ikiwa kavu, inaweza kufika tani moja na nusu. Ikishiba maji, inakaribia tani mbili. Yaani mvua inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inalemeza mzigo ulio juu ya kichwa chako na inalegeza mikono inayoushika. Na usifikiri ni lazima mlima wote uanguke. Mita moja ya mchemraba kwenye kifua inatosha, kwa sababu mtu anakufa kwa kukosa nafasi ya kupanua mapafu, hata kama uso wake uko nje.

Sasa tazama kalenda yetu. Kwa milima ya Masisi, kiangazi kikubwa ni Mwezi wa Sita mpaka wa Nane. Vakansi kubwa inaanza mwanzo wa Mwezi wa Saba na kuisha mwanzo wa Mwezi wa Tisa. Yaani mwanafunzi anashuka wakati udongo uko na unyevu kidogo tu, wakati unajishika vizuri kuliko miezi yote. Anaingia, anatoka mzima. Anaingia tena, anatoka. Anarudi shuleni akisema: «Lile shimo nalijua, halina shida.»

Hapana, haulijui. Unalijua la Mwezi wa Saba. La Noeli haujalionana nalo.

Mvua kubwa inaanza Septemba na kuendelea mpaka Desemba. Kuna kipindi kifupi cha kupumua Januari na Februari, ambacho kwa milima yetu hakiaminiki, kiisha mvua inarudi mpaka Mei. Noeli na Pasaka, vakansi zote mbili ndogo, ziko ndani ya udongo ulioshiba. Na vijana wanarudi kwenye shimo lile lile na imani waliyoipata kiangazi.

Njo vile tulimpoteza mmoja wetu watatu. Noeli ya mwaka uliofuata, mvua ilipiga siku tatu. Siku ya nne jua likawaka vizuri, akasema mlima umekauka. Akaenda na vijana wengine. Mimi nilikuwa nimetumwa kwa shangazi, njo sababu niko hapa ninaandika.

Miaka mingi niliuliza: kwa nini siku ya jua? Jibu nililipata kwenye kozi ya pili ya chuo. Maji ya mvua hayafiki chini palepale. Yanateremka polepole ndani ya udongo, na kwa udongo wa mfinyanzi yanaweza kuchukua siku nyingi kufika chini sana. Juu ya mlima nyasi zimekauka, na chini, penye paa la galeri, mvua ya juzi ndiyo kwanza inafika. Kwa hiyo siku moja ya jua haitoi ruhusa yoyote.

Mifano mikubwa inafuata kalenda ile ile. Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga, Kivu ya Kusini, mvua kali iliangusha mashimo ya dhahabu na watu karibu 50 walikufa. Septemba, mvua ndiyo zinaanza. Mwisho wa Januari 2026, hapa kwetu Rubaya, ardhi iliporomoka kwenye machimbo ya koltani, na taarifa zilizotolewa zilihesabu zaidi ya watu 200 waliokufa: wachimbaji, watoto, na wanawake waliokuwa wanauza. Januari, wakati wengine wanasema mvua imepumzika.

Masisi si Walikale

Mdogo wangu aliniambia pia kwamba rafiki yake mmoja ametoka Walikale na «anajua mashimo». Hapa kuna mtego mwingine, sababu ardhi ya Masisi na ya Walikale hazifanani.

Kwa Rubaya, koltani iko ndani ya mwamba unaoitwa pegmatiti. Kwa muda mrefu sana maji na joto vimeulainisha, sehemu yake kubwa ikageuka kaolini, ule udongo mweupe, laini kama unga wa muhogo. Ndiyo maana watu wanachimba kwa beleshi na chuma, bila baruti. Urahisi ule ule wa kuchimba ndio urahisi wa kuporomoka. Tena milima ni mikali, miti ni michache, mashimo yako karibu-karibu kama matundu ya panya. Wewe unachimba lako, chini yako kuna mwingine anachimba lake, na udongo mnaoutoa mnaumwaga kwenye ukingo, juu ya kichwa cha wa tatu.

Wengine wananiuliza: tukipanda miti je? Kama mwanaagronomia ninapenda miti, lakini sitawadanganya. Mizizi mingi inashika mita moja ao mbili za juu. Inasaidia dhidi ya mmomonyoko na maporomoko ya juu-juu. Galeri iliyo mita kumi na tano chini, usitegemee mizizi ishike paa lake.

Walikale ni habari ingine. Bisie, iliyoanza kuvuta watu karibu na mwaka 2002, iko ndani ya pori. Wakati ule mtu alitembea kwa mguu zaidi ya kilomita 40 toka barabarani, na wabebaji walitoka na mifuko ya kilo 50 mgongoni, madini yanapelekwa mpaka Kilambo ambako ndege zilitua juu ya lami ya barabara. Vijana wengi wa Walikale waliojua Bisie ya wakati ule waliijua kwenye vakansi, wakibeba mzigo ao wakiuza biskuti na betri. Leo sehemu ya Bisie ni mgodi wa kampuni, wa mashine, ulioanza kutoa bati mwaka 2019.

Kule mwamba ni mgumu zaidi kuliko kaolini ya Rubaya. Galeri inaweza kwenda mbali ndani ya mlima na ikasimama. Kijana wa Walikale anajifunza kwamba paa halina haraka ya kuanguka, na kwamba adui ni hewa. Tena Walikale hakuna kiangazi cha kweli: ni pori la ikweta, mvua inanyesha karibu mwaka mzima, watu wamezoea kufanya kazi na mvua. Ukimleta huyo Masisi na mazoea yake, ataingia ndani ya unga mweupe kama vile anaingia ndani ya jiwe. Na wa Masisi akienda Walikale, ataangalia paa siku nzima na kusahau kupumua. Kila mmoja anajua hatari ya kwao tu.

Kwa nini mshumaa ulizimika

Turudi kwenye mshumaa wetu. Hewa ya nje ina oksijeni karibu asilimia 21. Ikishuka karibu na asilimia 16 ao 17, mshumaa unazimika. Mtu bado anaweza kutembea kwenye hewa ile, lakini akili yake inaanza kupungua, na ubaya wake ni kwamba hajui kama inapungua. Ndiyo maana tulicheka.

Oksijeni ilikwenda wapi? Ndani ya shimo lililoachwa kuna miti ya kushikilia paa. Wanaikata ikiwa mibichi, mara nyingi mikaratusi. Mti mbichi ukikauka unasinyaa, hivyo unaacha nafasi kati yake na paa: unauona umesimama, kumbe haushiki kitu. Kiisha fangasi na mchwa wanauingia. Ule uozo unakula oksijeni na kutoa kaboni dioksidi, sawa na vile udongo wa shamba unapumua kupitia mizizi na vijidudu. Shambani upepo unabeba. Ndani ya galeri hakuna upepo, na kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, inateremka na kulala kwenye sehemu ya chini kama maji yasiyoonekana.

Sisi tuna jina la hewa hiyo tangu wazee: mazuku. Kati ya Goma na Sake, na Sake ni Masisi yetu, iko inatoka kwenye ardhi ya volkano na kukaa kwenye mabonde madogo, hasa usiku na asubuhi wakati upepo umetulia. Mbuzi anashuka kula majani, harudi. Kila mtoto wa Sake anajua kutokwenda pale alfajiri. Basi, shimo lolote lenye mteremko linaweza kuwa na mazuku yake, hata mbali na volkano. Na mapango ya lava ya upande wa Goma ndiyo yana sababu mbili: ni shimo, na liko juu ya ardhi inayotoa gesi.

Kuna nyingine, kaboni monoksidi. Hii inatoka kwenye mashine ya kuvuta maji ikiwashwa ndani ao kwenye mlango wa shimo. Haina rangi, haina harufu, na inashikana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikana. Mtu anasikia usingizi na kichwa, anakaa kidogo apumzike, haamki.

Sasa mfikirie ile tochi ya kichwa mdogo wangu aliyoomba. Tochi haizimiki hewa ikiharibika. Inawaka vizuri kabisa juu ya paji la mtu aliyezimia. Mshumaa wetu wa zamani ulituambia kitu, tochi haiambii. Simaanishi murudie mishumaa, sababu kuna gesi ambazo moto unaziamsha, na kaboni monoksidi inaweza kuua hali mshumaa unawaka. Ninamaanisha kwamba mwanga mzuri si usalama.

Na hili mulishike hata mukisahau mengine yote: rafiki akianguka ndani ya shimo bila kupigwa na kitu, usishuke kumfuata. Najua ni neno gumu. Lakini hewa iliyomwangusha iko inakungojea. Mara nyingi wa pili anakufa juu ya wa kwanza, wa tatu juu ya wa pili, wote kwa upendo. Ita wachimbaji wakubwa, ita watu wenye kamba na mashine ya kupuliza hewa toka nje.

Wenye nyumba wanaoishi ndani

Shimo lililoachwa halikai bila mwenyeji. Popo wanaingia. Kati ya 1998 na 2000, kule Durba na Watsa, leo Haut-Uélé, ugonjwa wa Marburg ulirudi tena na tena. Walihesabiwa wagonjwa 154, na 128 kati yao walikufa. Wengi wa mwanzo walikuwa vijana wachimbaji wa dhahabu walioingia kwenye galeri za Goroumbwa, zilizojaa popo. Ugonjwa ulikwisha wakati mgodi ulipojaa maji na watu hawakuweza tena kuingia. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, Uganda, waliupata vilevile.

Si kila popo ana Marburg, na popo wetu wanakula wadudu na kuchavusha miti, tusiwachome. Lakini kijana anayetambaa kwa mikono na magoti juu ya mavi ya popo, kiisha anakula mkate na mikono ile ile, ajue anacheza na nini. Na ajue kwamba akileta homa nyumbani, mama ndiye atakayemfuta jasho.

Sheria inasema nini

Wengi hawajui kwamba sheria yetu imeliona jambo hili. Kodi ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inaruhusu uchimbaji wa mikono kwa Mkongomani mtu mzima mwenye karata, ndani ya maeneo yaliyotengwa. Mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi. Kanuni zinasema uchimbaji wa mikono usipite mita 30 kwenda chini, na kuna huduma ya Serikali, SAEMAPE, yenye kazi ya kufuata na kufundisha wachimbaji.

Kwenye karatasi ni vizuri. Lakini Rubaya iko mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Aprili 2024, na Walikale-kati imeonja vita mwaka 2025. Shule zimefungwa na kufunguliwa, barabara vilevile, wazazi wamepoteza ng'ombe na mashamba. Katika hali hiyo, kijana anayeshuka vakansi haulizwi umri na mtu yeyote. Ndiyo maana naona sisi wenyewe, wakubwa wao waliosoma, lazima tuseme. Tukinyamaza, nani atasema?

Nilichomjibu mdogo wangu

Sikumwambia yeye ni mjinga. Anataka vitu vitatu ambavyo hata mimi nilivitaka: pesa kidogo ya kuanza chuo, heshima mbele ya marafiki, na kuona kitu ambacho wengine hawajaona. Vyote vitatu ni halali.

Juu ya kuona, nilimwambia mapango yapo ya kuingia kwa akili. Kule Musanze, Rwanda, kuna pango la lava la kilomita mbili lililofunguliwa kwa wageni mwaka 2013: unaingia na kofia ngumu na kiongozi, njia imepimwa. Huku kwetu, Ituri, mapango ya Mont Hoyo yameonyesha vifaa vya mawe vya watu wa zamani sana. Siku amani itaruhusu, ningependa umoja wetu uandae safari ya vakansi ya namna hiyo, na mwenye kujua pango akiwa mbele.

Juu ya pesa, sikumwahidi utajiri. Nilimwambia kiangazi ni wakati wa kutayarisha kitalu, ili miche iwe tayari mvua ya Septemba ikianza, na kwamba mbegu za kwanza nitamtumia mimi pamoja na kueleza kazi kwa simu. Ni pesa ya polepole. Alinyamaza kidogo, nikajua haijampendeza sana. Sikulazimisha.

Kama hata hivyo ataenda karibu na machimbo, hata kwa kuuza chai tu, nilimwandikia alama za kutazama: nyufa mpya zilizopinda juu ya mlima, miti iliyoanza kulala, maji yanayotoka mahali yalipokuwa hayatoki ao yaliyogeuka matope, udongo mdogo-mdogo unaodondoka bila mtu kuugusa, miti ya kushikilia inayolia. Akiona moja tu, aondoke, na asipite chini ya ule mteremko. Na siku kadhaa baada ya mvua kubwa, asikaribie, hata jua likiwaka namna gani.

Kiisha nikampa kazi. Nilimwambia: wewe na wale marafiki zako watatu, chimbeni shimo langu. Sisi wanaagronomia tuna shimo letu, la kusoma udongo. Refu kama mita moja na nusu, pana la kutosha watu wawili, kina mita moja tu, upande mmoja ngazi za kutokea, juu pako wazi mbinguni. Fanyeni sasa, Mwezi wa Saba, kwenye shamba la baba. Mutaona tabaka la juu jeusi, chini yake lile jekundu, mizizi inapoishia. Mupige kuta kwa mkono, muone vile zimesimama imara. Mufunike vizuri na mbao, mutoto ao mbuzi asianguke.

Halafu Noeli, baada ya mvua ya siku tatu, murudi mufunue, mukiwa juu, musiingie. Muangalie kuta.

Alinipigia tena jana jioni. Wamefika sentimita 70, wamekutana na jiwe, wanabishana kama ni lava. Tochi hajaiuliza tena. Nimemwambia aniletee picha.